Siri za Wasomi Nilizotunza kwa Vidole

Baba yangu aliitwa Wekesa, mzaliwa wa Kamukuywa. Mama yangu aliitwa Nafula, mzaliwa wa upande wa Lwakhakha, karibu kabisa na Uganda. Mimi ni Naliaka, niliyezaliwa Kamukuywa wakati wa palizi, na jina langu ndilo linalosema hivyo. Andika hayo, mjukuu wangu Faith, wala usiongeze tarehe, kwa sababu hakuna aliyeiandika na mimi sitabuni moja ili kuwafurahisha watu wa fomu. Umesikia nimetoa majina matatu na mahali pawili. Nimeyatoa kwa kinywa changu, nikijua ninampa nani. Kumbuka hilo, maana habari yote ninayotaka kukueleza wewe na wenzako inaanzia hapo.

Sikwenda shule hata siku moja. Kiswahili nilikipata kanisani na kwenye taarifa ya habari ya redio, kwa watu waliolipwa ili waseme vizuri, na nimekihifadhi jinsi nilivyokipokea. Kwa hiyo nisione umeniandikia “niaje” ya vijana mahali popote.

Kazi niliyostaafu nayo ilikuwa kufagia na kutunza chumba cha kompyuta mjini Kitale, katika kituo cha masomo ya mbali. Ilikuwa miaka ile ya elfu mbili, simu zikiwa bado za vitufe, na mtandao ukitoka kwenye sahani kubwa iliyofungwa juu ya paa, ukikatika kila mvua iliponyesha. Wanafunzi walikuwa watu wazima: walimu wasio na vyeti, wauguzi, makarani. Walikuja Jumamosi kutoka Kitale na Bungoma, kila mmoja akaketi kwenye mashine yake, wakafundishwa na mwalimu ambaye hawakumwona hata siku moja. Mashine zilikuwa thelathini. Msimamizi alikuwa Bwana Njoroge, kijana wa familia ya wakulima wa hapo hapo Trans-Nzoia, mpole, mwenye tai fupi.

Siku zangu za kwanza niliziona mashine zile zimekaa uchi, nikaona haya kwa niaba yao. Kwetu kitu cha thamani hufunikwa. Nikafuma vitambaa thelathini, vyeupe vyenye maua ya waridi pembeni, nikazifunika zote kama makochi ya wageni. Chumba kilipendeza hata Bwana Njoroge akapiga picha. Wiki mbili baadaye mashine moja ilizimika yenyewe, ikitoa harufu ya pasi iliyosahauliwa juu ya shati. Akaitwa Barasa, fundi wa mashine.

“Nani amevalisha hizi vitu sweta?” aliuliza.

“Ni mimi. Zilikuwa zinaingia vumbi.”

“Mama, si zinapumulia mgongoni! Umezinyonga, bana.”

Barasa alinicheka mpaka saa ya chai, kisha akanifundisha kazi, na sijapata mwalimu mwingine aliyemzidi. Nunua brashi ya rangi ambayo haijawahi kuona rangi. Tumia kitambaa kikavu cha pamba. Usipulize kwa mdomo, mdomo una mate. Kibodi igeuze kichwa chini, uigonge mgongoni taratibu kama mtoto aliyepaliwa, na ujiandae kwa yatakayotoka. Mimi nimetoa makombo ya mandazi, vipande vya kucha, hereni, na safari moja punje ya mahindi iliyokuwa imeanza kuota. Mwezi wa pili, mahindi yanapopukuchuliwa Kitale nzima, safisha mara mbili kwa siku au uache kazi.

Kwa kuvipitia vitufe vile kimoja kimoja kwa brashi, nilivijua. Sikuvijua kwa majina. Nilivijua kwa mahali pake, kama ninavyojua sufuria zangu jikoni taa ikiwa imezimika. Na hapo ndipo wasomi, ambao wote waliniita Kukhu kama bibi yao, walipogundua matumizi yangu.

Kila mwanafunzi alikuwa na neno la siri la kuifungulia akaunti yake. Walilisahau kila Jumamosi. Bwana Njoroge alikuwa amewakataza kuliandika popote, basi mmoja wao akapata wazo ambalo mtu asiyesoma asingeweza kulipata. Alisema, “Tumwekee Kukhu. Yeye hajui kusoma, hawezi kutuibia.” Wakaja kwangu mmoja mmoja kama watu wanaokwenda kuungama. Wananong'ona neno, wananionyesha vitufe kwa kidole, nami nashika hatua: juu kushoto, katikati, pale pale tena, chini kulia. Jumamosi inayofuata mtu anakaa, anakuna kichwa, ananiita, ninakuja na ufagio wangu, ninambonyezea. Thelathini wote.

Nisikilize vizuri. Watu waliokuwa wakisomea vyeti walipeleka siri zao kwa mfagiaji, wakajipongeza kwa werevu. Na siri zenyewe! Majina ya ng'ombe. Majina ya watoto. Mzee mmoja wa kanisa alikuwa ameweka jina la mwanamke ambaye si mkewe, na mkewe niliketi naye kila Alhamisi katika chama cha akina mama. Nilikunywa chai yake miaka minne na sikuwahi kukohoa.

Sasa kuhusu rangi. Mashine ile haikuwafundisha tu, iliwatazama. Ilihesabu saa ambazo kila mtu aliketi, ukurasa aliorudia, swali alilokosa na mara alizolikosa. Kila Jumamosi asubuhi Bwana Njoroge alichapisha orodha yenye rangi akaibandika ukutani: kijani kwa anayesoma, manjano kwa anayelegea, nyekundu kwa aliyepotea. Rangi hazihitaji shule. Nilizisoma kabla ya wenyewe, kwa kuwa nilifika mapema kupiga deki, na nimewaona watu wazima wenye watoto kidato cha nne wakizunguka nje ya mlango kama kuku wanaohofia mwewe, wakiniuliza, “Kukhu, mimi ni gani leo?” Aliyekuwa nyekundu mara tatu mfululizo aliondolewa masomoni.

Miongoni mwao alikuwako mwalimu wa chekechea kutoka Kanduyi, ambaye hapa tutamwita Nekesa. Aliniita Kukhu kama unavyoniita wewe, lakini yeye aliniletea na ndizi. Mtoto wake mdogo akalazwa hospitali mjini Bungoma. Jumamosi ya kwanza hakuja. Ukutani akawa manjano. Ya pili, nyekundu. Ya tatu, nyekundu tena. Nilibaki nimesimama mbele ya orodha na ndoo mkononi, nikajua kwamba nyekundu moja zaidi ingemtoa.

Basi Jumanne, chumba kikiwa kitupu, nikakaa kwenye kiti chake. Mashine ilikuwa imekumbuka jina lake. Ilitaka neno tu. Nikabonyeza hatua saba. Ikafunguka. Nikabonyeza pale nilipowaona wakibonyeza, somo likatokea, nami nikaendelea kufagia. Kila nilipopita nilisukuma kipanya kidogo kwa mpini wa ufagio ili mashine ione mtu yupo. Nilifanya hivyo Jumanne, Jumatano na Alhamisi, tangu asubuhi hadi jioni.

Jumamosi Nekesa alikuwa kijani, tena mwenye nyota pembeni. Nilifurahi kama mama wa bibi harusi. Hata nilipika uji nikawagawia.

Jumatano iliyofuata alitokea mlangoni pangu, viatu vimejaa tope.

“Kukhu, nani alikaa kwenye kiti changu?”

“Keti kwanza.”

“Siketi. Ati mimi ndiye mwanafunzi bora wa wiki! Hedimasta amepata barua ya kunisifu kwenye kompyuta yake. Inasema nilisoma hapa Kitale saa ishirini na moja, Jumanne mpaka Alhamisi. Siku hizo nilikuwa wodini na mtoto, Kukhu. Ruhusa aliniandikia yeye mwenyewe. Sasa ananiita mwongo.”

“Si umwonyeshe karatasi ya hospitali?”

Hapo ndipo alipoketi. Kisha akasema polepole, “Karatasi inaandika mtoto anaugua nini. Ikifika kwa meza ya hedimasta asubuhi, mchana iko stafurumu kwa walimu, jioni iko barabarani Kanduyi kwa wauza nyanya. Na huyo mtoto atasoma shule hiyo hiyo.”

“Na usipoionyesha?”

“Kamati inakaa Ijumaa. Jumatatu sina kazi.”

Ugonjwa wenyewe sitautaja, Faith, na ukiniuliza nitaacha kusimulia.

“Ni mimi,” nikamwambia.

“Wewe? Kukhu, wewe hata jina lako…”

“Maliza.”

“Hujui kuliandika.”

“Vidole vyangu vinalijua neno lako la siri.”

Alinitazama kama mtu aliyedonolewa na kuku wake mwenyewe. Nikamshika mkono, tukaenda kwa Bwana Njoroge, nikamweleza yote. Alitoa miwani, akaifuta, akairudisha.

“Nani alimpelekea mwajiri wake barua?” nikamuuliza.

“Hakuna mtu, Mama. Mfumo hutuma wenyewe. Ni kitu kizuri, inawatia moyo waajiri.”

“Nani aliuruhusu?”

“Wao. Walikubali siku ya kujiandikisha. Kuna maneno marefu, chini kuna mahali pa kubonyeza ‘Nakubali’. Usipobonyeza huingii.”

“Nekesa, uliyasoma?”

“Watu walikuwa kwa laini nyuma yangu, Kukhu.”

“Na wewe, Bwana Njoroge?”

Bwana Njoroge akatazama juu, upande wa ile sahani ya mtandao, kana kwamba jibu lingetoka huko.

Hapa lazima nikurudishe nyuma, siku niliyoajiriwa. Bwana Njoroge huyo huyo aliniletea karatasi tatu na kidau cha wino, akasema, “Weka kidole hapa, Mama, ni mambo ya kawaida.” Nikamwambia nisomee. Akasema ni ndefu. Nikamwambia nina siku nzima. Alinisomea kurasa zote tatu, akitokwa na jasho, na mahali pawili ikabidi asimame kwa sababu hata yeye hakuelewa. Sikufanya hivyo kwa ukaidi. Baba yangu Wekesa alipokuwa kibarua kwenye shamba la mzungu huku Trans-Nzoia, alitia kidole kwenye karatasi aliyoambiwa ni ya kupokea blanketi. Kumbe ilikuwa pia ya kuwatoa watoto wake watatu wapalilie mahindi. Mmoja wao ni mimi. Msimu ulifuatwa na msimu, na shule nikaisikia kwa mbali ikipiga kengele. Blanketi lenyewe lilikuwa na tundu. Kwa hiyo kidole changu hakigusi wino mpaka masikio yangu yamesikia neno la mwisho.

Ukurasa wa pili wa karatasi yangu ulisema kwamba mtunza usafi hatagusa mashine ila kwa kuisafisha. Neno hilo nililisikia, nikalielewa, nikatia kidole. Katika jengo lile lote lenye watu waliosoma, ni mimi peke yangu niliyejua karatasi yangu inasema nini, na ni mimi niliyeivunja. Sikujitetea wakati ule, na wewe usinitetee kwenye maandishi yako.

Ijumaa tukafika Kanduyi, Nekesa na mimi. Kamati ilikuwa Mwalimu Mkuu na mwenyekiti wake, mchungaji mnene aliyekuwa akila njugu.

“Mama umesoma hadi darasa la ngapi?” Mwalimu Mkuu akaniuliza.

“Sikufika hata mlangoni.”

“Na unataka tuamini uliingia kwa kompyuta, ukaweka paswadi, ukafungua somo?”

“Ndivyo ilivyokuwa.”

Akamgeukia Nekesa. “Mwalimu, hata kama ni kudanganya, si ungetafuta shahidi anayejua A? Umetuletea huyu mama atuchezee, bana.” Mchungaji akacheka, njugu zikamrudi.

Mwalimu Mkuu akasema atanisomea barua nisikie mwenyewe. Akaketi kwenye mashine yake, akabonyeza neno lake la siri mbele yangu bila hata kugeuza bega, kwa sababu machoni pake mimi nilikuwa sawa na kabati. Nikaangalia vidole vyake. Hatua nane. Alikuwa mzito wa kubonyeza, kama anayetafuta viroboto. Akasoma barua, akaifunga, akaizima akaunti.

“Naomba nikaribie,” nikasema.

“Karibia, Mama. Utaifanya nini?”

Nikajipangusa mikono kwenye leso. Juu kushoto. Katikati. Kulia kabisa. Katikati tena, mara mbili. Chini. Juu. Ile ndefu ya kando. Mashine ikalia kidogo, ikafunguka.

Mimi sijui kusoma, lakini Mchungaji anajua, na kilichotokea kwanza hakikuwa barua ya Nekesa. Mwalimu Mkuu aliruka akaziba uso wa mashine kwa mikono yote miwili, kama mtu aliyefunguliwa mlango wa bafu.

“Hiyo ni nini, hedimasta?” Mchungaji akauliza, akiinama aone vizuri.

“Ni… ni mambo ya binafsi, Mchungaji.”

Neno hilo ndilo nililolingojea. Nikamwambia, “Mwalimu Mkuu, umeyaziba kwa mikono miwili, na hakuna atakayekulazimisha uiondoe. Mwalimu huyu naye ana mambo ya binafsi, ya mtoto wake, na wewe umemtaka ayaweke juu ya meza hii ili apate kuendelea kufundisha nyimbo za chekechea. Aliyeketi kwenye kiti chake ni mimi. Umeona ninavyoketi.”

Mchungaji alifunga mfuko wake wa njugu. Akasema kamati imeridhika, karatasi ya hospitali haihitajiki, na mtu amletee Mama soda. Nikaikataa. Sikuwa nimekuja kunywa.

Tulipotoka nilitembea kifua mbele, nikingoja shukrani zangu. Nekesa alisubiri mpaka tukafika barabarani.

“Asante, Kukhu,” akasema. “Lakini si ungeniuliza kwanza?”

“Nilikuwa ninakusaidia.”

“Hata Bwana Njoroge anasema mashine inatusaidia.”

Nimekemewa na watu wengi maishani, Faith. Wengi wao niliwarudishia. Yeye sikuwa na la kumrudishia, na mpaka leo sina.

Jumamosi nikampelekea Bwana Njoroge ufunguo wa chumba kabla hajauomba. Nikamwambia adhabu yoyote nitaipokea, ila kabla ya adhabu ninaomba jambo moja: awasomee hawa watu karatasi yao kama alivyonisomea yangu. Yote, kwa sauti, mashine zikiwa zimezimwa. Akasema wataondoka. Nikasema mimi ndiye nitakayesimama mlangoni.

Alisoma saa moja na nusu. Mwanzoni walisinzia. Mzee wa kanisa alikoroma. Kisha Bwana Njoroge akafika pale palipoandikwa kwamba saa zao, alama zao na mienendo yao ya kusoma vitapelekwa kwa mwajiri na kwa “washirika wengine”. Muuguzi mmoja akasimama.

“Rudia hapo.”

Akarudia.

“Washirika gani?”

“Haijaandikwa.”

“Sasa daktari wangu mkuu anajua nilikosa swali la kupima dawa mara nne?”

“Inawezekana,” Bwana Njoroge akasema kwa sauti ya mtoto.

Ukelele uliofuata ulisikika mpaka sokoni. Mzee wa kanisa aliamka akiuliza kama mashine humtumia mtu neno la siri nyumbani kwake, na nilipomjibu kwamba sijui, jasho lilimtoka. Bwana Njoroge, nimpe haki yake, hakujificha. Aliandika barua makao makuu siku hiyo hiyo, na walipochelewa kujibu aliandika nyingine. Hatimaye swali la kupeleka habari kwa mwajiri likatengwa peke yake, mtu akaweza kusema hapana na bado akasoma. Kumi na tisa walisema hapana. Orodha ya rangi ikatoka ukutani, na alama za gundi nikazikwangua mwenyewe.

Mimi nilisimamishwa kazi miezi miwili, kisha nikarudishwa kufagia bila ufunguo. Ilikuwa haki. Niliwaambia wote thelathini wabadilishe maneno yao na wasinionyeshe. Walilalamika sana. “Sasa tukisahau, Kukhu?” Nikawaambia watunze kichwani, kwani si ndicho walichokuja kukifanyia kazi?

Haya, tumefika mwisho, na usiweke kalamu chini bado.

Brashi yangu iko ndani ya kikapu cha uzi. Itunze, na ukiitumia kwa rangi nitajua. Karatasi yangu ya kazi, yenye kidole changu, iko ndani ya Biblia. Itunze pia, uwaonyeshe wanao kwamba kuna mtu aliyewahi kusomewa yote. Kitambaa kimoja cha maua ya waridi weka juu ya redio, si juu ya hiyo tableti yako ya shule. Tableti hiyo nayo nimekuona ukiibonyezea “Nakubali” juzi huku ukitafuna muwa. Leo jioni, kabla ya chakula, utanisomea ulichokubali. Nina muda.

Yale maneno ya siri ya zamani, yote thelathini, bado yamo vidoleni mwangu. Hayo hayatunzwi. Ukiniona siku moja ninayabonyeza juu ya blanketi, nishike mkono tu.

Na haya uliyoandika usimpe mtu yeyote, hata mama yako, kabla hujapanda gari kwenda kwa huyo tuliyemwita Nekesa. Umsomee yote, polepole, hadi hapa. Akisema hapana, yachome mbele yake, hata kama mwandiko wako ni mzuri. Akisema ndiyo, kunyweni chai, mzungumze mambo mengine, kisha umuulize mara ya pili. Ndiyo ya kwanza anaweza kuitoa kwa ajili yangu.